Kati ya Msanii na Kanjanja

Kiswahili cha mtaani kimeitendea sanaa jambo la ajabu. Kwenye kamusi, msanii ni mtu mwenye ustadi wa kuchora, kuchonga, kuimba, kutunga au kuigiza. Kwenye daladala ya kutoka Mwenge kwenda Bunju, msanii ni tapeli. Ukimwambia mtu "acha usanii", maana yake ni acha kunizungusha, lete hela yangu. Mwanasiasa akiahidi daraja na daraja lisionekane, watu hawasemi amedanganya. Wanasema amefanya usanii, na kila mmoja anaelewa.

Uandishi wa habari nao haukusalimika. Una neno lake: kanjanja. Huyu ni mwandishi asiyesomea, asiye na chombo kinachoeleweka, mwenye pua kali ya kunusa hafla ilipo. Anakula, anapokea bahasha, na habari haitoki. Ikitoka, imeandikwa na aliyetoa bahasha.

Sasa mchukue mtu aliyepita kote kuwili. Alianza kwenye tamthilia ya televisheni, ile ambayo sisi huku tunaiita tu "mchezo", akajulikana kwa jina la mhusika kuliko jina alilopewa na wazazi. Baadaye akaacha, akasomea habari, na leo anashika kinasa sauti na kuuliza watu maswali. Kwa hesabu ya mtaa, huyo ni tapeli aliyehama kundi moja kwenda jingine. Kwa hesabu ya falsafa, amefungua swali ambalo nimekuwa nalo tangu nilipoanza kwenda na kurudi Bagamoyo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili: mtu aliyelipwa kwa miaka ili tuamini kisichokuwepo, ana haki gani ya kutuomba tumwamini anapotueleza kilichopo?

Swali hili lingeweza kuulizwa popote, lakini Bagamoyo lina mizizi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Vizazi vya waigizaji, wacheza ngoma na wapiga muziki wa nchi hii vimepita kwenye viwanja vyake karibu na bahari. Kilomita chache kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake ya minara. Jina hilohilo la Kaole ndilo lililobebwa na Kaole Sanaa Group, kundi ambalo michezo yake kwenye ITV ilitukusanya sebuleni kwa jirani mwenye runinga. Steven Kanumba alijiunga na kundi hilo mwaka 2002, kabla ya kuwa nyota wa filamu. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, mji wa Dar es Salaam ulisimama. Watu ambao hawakuwahi kupeana naye mkono walilia kama wamefiwa na mtoto wa tumbo moja.

Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaanza kurushwa *Siri ya Mtungi*, tamthilia iliyowekwa Bagamoyo kwenyewe. Mhusika wake mkuu, Cheche, ni kijana mpiga picha. Hilo limekuwa likinifurahisha kwa namna yake: mwigizaji, mtu wa kujifanya, anamwigiza mtu ambaye kazi yake ni kunasa kilichoko mbele ya kamera. Cheche wa kweli hayupo. Lakini mitaa anayopita ni ya kweli, na milango ya kuchonga ni ileile ambayo mtalii anaipiga picha leo mchana.

Basi tuwasikilize wanaomshitaki mwigizaji, maana kesi yao ni ya zamani na si ya kipuuzi.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, alikwenda uzeeni mwake kumtazama Thespis, ambaye kwa mapokeo ndiye mwigizaji wa kwanza. Baada ya onyesho mzee akamfuata na kumuuliza kama haoni haya kusema uongo mwingi kiasi kile mbele ya umma. Thespis akajibu kwamba hakuna ubaya, ni mchezo tu. Solon akaipiga ardhi kwa bakora yake, akasema kwamba tukiusifu mchezo wa namna hii, ipo siku tutaukuta ndani ya mikataba yetu.

Kila nikiisoma hadithi hii naona Solon angeelewa mara moja neno letu "usanii". Hofu yake ilikuwa ni hiyohiyo: kwamba ustadi wa jukwaani hautabaki jukwaani. Utashuka ngazi, utaingia sokoni, ofisini, mahakamani. Mwigizaji aliyegeuka mwandishi wa habari ni bakora ya Solon kwa mara ya pili. Si ndiyo haya tuliyosema? Amelia kwa mshahara, amependa kwa mshahara, amemwekea mke mwenzie sumu kwa mshahara. Leo sauti yake inapotetemeka hewani, tutajuaje kwamba huo si ujira tena?

Lakini Plutarch hakuishia hapo, na wanaomnukuu Solon mara nyingi huikata hadithi katikati. Mara tu baada ya tukio hilo anatueleza kuhusu Pisistratus, mwanasiasa aliyejijeruhi mwenyewe, akaja sokoni juu ya gari lake akilalamika kuwa maadui wamemshambulia, ili wananchi wampe walinzi. Alipewa. Kwa walinzi hao akaitwaa nchi. Kwa hiyo uongo ulifika kweli kwenye mambo ya umma, kama mzee alivyohofia, ila hakuuleta Thespis. Aliuleta mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani wala kukiri kwamba anaigiza.

Hapo ndipo ninapoanza kuachana na Solon. Thespis alikuwa na jukwaa, saa maalumu, na watazamaji waliokuja wakijua wamekuja kutazama nini. Kati ya mwigizaji na mtazamaji kuna makubaliano ambayo hayajaandikwa lakini kila mmoja anayajua: mimi nitajifanya, wewe utajifanya unaamini, na muziki wa mwisho ukipigwa tutarudiana tulivyo. Uongo unahitaji asiyejua. Kwenye mchezo, hakuna asiyejua. Pisistratus ndiye aliyevunja makubaliano, kwa sababu aliigiza bila jukwaa.

Na Bagamoyo ina Pisistratus wake, tena wa fani ya habari. Mwandishi wa habari mashuhuri kuliko wote waliopita kwenye mji ule ni Henry Morton Stanley, aliyetoka pale Machi 1871 na msafara wake kwenda kumtafuta David Livingstone kwa niaba ya gazeti la *New York Herald*. Wasomaji wake walimjua kama Mmarekani. Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akalelewa kwenye nyumba ya maskini, na jina la Stanley alijipachika baadaye kule Marekani. Ile salamu aliyodai kumpa Livingstone walipokutana Ujiji, ambayo dunia nzima inaijua, haiwezi kuthibitishwa hata kwa shajara yake mwenyewe, maana kurasa za siku ile zilichanwa. Sisemi kila alichoandika kilikuwa uongo. Nasema alitengeneza mhusika, akamvaa, akamtuma kuandika habari, na hakumwambia yeyote kwamba pazia limefunguliwa. Hakuwahi kuwa mwigizaji kwa kazi. Chuo cha Bagamoyo kilikuwa bado miaka 110 mbele.

Miaka mitatu baadaye, Februari 1874, mwili wa Livingstone uliingia Bagamoyo ukiwa umebebwa na watu waliotembea nao kutoka sehemu ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi ndio wanaokumbukwa zaidi kati yao. Walileta pia karatasi na vyombo vyake. Wao hawakuwa na gazeti. Habari yao ilikuwa mzigo wenyewe: huyu hapa, mtazameni, mpimeni. Nitaurudia mfano huu, kwa sababu nadhani kuna aina mbili za kusema kweli. Moja inategemea uzuri wa msemaji. Nyingine inategemea kama mzigo alioubeba umefika ulivyotoka.

Upande wa pili wa kesi unasema hivi: sawa, mwigizaji si mwongo, lakini kazi yake haihusiani na ukweli hata kidogo. Amezoea kutunga, basi abaki na kutunga. Huyu naye historia yetu ya redio inampa tabu.

Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*. Kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo cha safari, na mkewe Tunu, ambaye polepole anajifunza kusimama mwenyewe. Mkwaju anaishia kuugua UKIMWI. Mchezo huu ulichunguzwa na watafiti kwa makini ya kipekee: mkoa wa Dodoma uliachwa bila kuusikia hadi 1995, ili wasikilizaji wa mikoa mingine walinganishwe na wasioufikiwa. Waligundua kwamba mahali mchezo uliposikika, watu walizungumza zaidi wao kwa wao kuhusu uzazi wa mpango na kinga, na wengi walichukua hatua.

Fikiria sasa redio hiyohiyo, miaka hiyohiyo, saa ya matangazo ya vifo. Familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kila neno kwenye tangazo hilo lilikuwa la kweli. Jina lilikuwa la kweli, tarehe ya kweli, msiba wa kweli. Na kila neno lilisaidia kuficha. Mkwaju hakuwa wa kweli kwa lolote, lakini ndani ya maneno ya kutungwa jambo lilitajwa kwa jina lake. Wazee wetu waliolia na kunyamaza kwenye misiba wanajua ni upande gani wa redio uliowaambia kilichokuwa kinawaua watoto wao.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba mchezo hauna uhusiano na kweli. Hata hivyo siwezi pia kwenda mbali kama baadhi ya wanafunzi wenzangu wa sanaa, wanaosema hadithi ni kweli ya juu kuliko habari. Mkwaju anaweza kukufundisha kuhusu madereva, lakini hawezi kukuambia dereva yupi, lori lipi, siku gani. Huwezi kwenda naye baraza la ardhi. Kuna madai ambayo yanahitaji mtu mwenye jina, shamba lenye mipaka na karatasi yenye mhuri. Hapo hadithi inanyamaza, na mwandishi wa habari anahitajika.

Pwani hii ina madai ya namna hiyo kwa wingi. Mwaka 2013 yalisainiwa makubaliano na Wachina ya kujenga bandari kubwa upande wa Mbegani, na Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yake ni ya kukubaliwa na kichaa tu. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Kwa wachumi wa Dar es Salaam hiyo ni habari ya kurasa za uchumi. Kwa mtu mwenye minazi Zinga au Mlingotini ni swali la kupanda au kutopanda, kuezeka au kuacha nyumba ivuje, mwaka baada ya mwaka.

Ni Mlingotini nilikofuatana siku moja na dada mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Aliwahi kucheza kwenye tamthilia iliyopendwa, akiwa mke mchonganishi asiyepona ulimi wake mtu yeyote. Sasa anafanya kazi kwenye redio ndogo. Alikuwa anatafuta habari za wakulima wa mwani, wanawake ambao maji yakikupwa huingia baharini na kamba na vigingi, na maji yakijaa hurudi na mizigo kichwani. Tulipowasalimia, mama mmoja mtu mzima hakuitikia kwanza. Alimtazama mwenzangu kwa muda, akaangua kicheko, akamwita kwa jina la mhusika.

"Na leo umekuja kumgombanisha nani?"

Wote wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini mama yule hakuwa anatania mpaka mwisho. Kinasa sauti kilipowashwa akakifunika kwa kiganja, akasema taratibu, "Mwanangu, usije ukatuchezea sisi."

Dada akakizima kabisa. "Mama, kule maneno nilipewa na mtu, nikayasema kama yangu," alijibu. "Leo maneno ni yako. Mimi nayabeba tu. Nikiyabeba vibaya, redioni unapajua, njoo useme sikusema hivyo."

Mama akaondoa mkono.

Baadaye, maji yalipoanza kurudi, alifika kijana wa televisheni moja ya mtandaoni akiwa na kamera. Wanawake walikuwa wamekwisha kutoka majini na mizigo. Akawaomba warudi kidogo, watoke tena, taratibu, maana jua lilikuwa linamkabili. Kwake hilo lilikuwa ombi la kawaida kabisa. Angeshangaa kusikia kwamba lina uzito wowote. Dada alimvuta pembeni na kumwambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mdogo wake, "Wakirudia wanaigiza. Mimi nimefanya kazi hiyo, naijua inapoanzia."

Sijui kama kijana alielewa. Mimi nilirudi na sentensi hiyo kichwani, na kwa maoni yangu inamjibu Solon vizuri kuliko vitabu vyangu vyote vya semista ile. Tunadhani aliyeigiza ndiye atakayetuchanganyia mchezo na kweli. Yawezekana ndiye pekee kati yetu anayeuona mpaka. Amevuka mara nyingi, kwa kujua, akiwa na mtu anayepiga kelele kwamba sasa tunaanza na sasa tumemaliza. Anajua chozi linaitwaje, anajua bega huinuliwa kiasi gani ili mtu aonekane ameonewa. Yule ambaye hajawahi kuigiza anadhani haigizi, na huyo ndiye wa kuogopwa: anamwomba mjane arudie kuingia ndani ya nyumba iliyobomolewa, anaweka muziki wa huzuni chini ya maelezo, anapandisha sauti kwenye neno "inadaiwa" mpaka lisikike kama "imethibitika". Kisha anaenda kulala akiamini ametoa taarifa.

Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 18, alidai kwamba mwigizaji bora hahisi anachokionyesha. Akihisi kweli, ataharibu. Mwigizaji mzuri ana kichwa baridi, anajitazama akifanya. Watu wengi huona dai hilo linamfanya mwigizaji kuwa mtu wa kutisha. Mimi naona kinyume chake. Kichwa kile baridi kikihamia kwenye habari kinaweza kuwa dawa. Mwandishi anayejitazama akifanya kazi anaweza kujikamata anapoanza kuipamba.

Nasema kinaweza. Haina maana kwamba kila anayehama hufika salama, na kuna deni moja ambalo mwigizaji analibeba na wengine hawana.

Deni hilo ni imani ya kuazima. Uso wake tuliuzoea kabla hajatuambia lolote la kweli. Muingereza Ross Kemp aliigiza kwenye *EastEnders* kuanzia 1990 hadi 1999 akiwa Grant Mitchell, mtu wa ngumi aliyewahi kuwa mwanajeshi. Miaka michache baadaye akawa anatengeneza vipindi vya habari kuhusu magenge ya wahalifu, na mwaka 2007 kipindi hicho kikapata tuzo ya BAFTA. Halafu akaenda Helmand, Afghanistan, pamoja na kikosi cha wanajeshi wa nchi yake, na risasi alizorekodi zilikuwa za kweli. Hakuna anayeweza kumnyima ujasiri wake. Lakini ni vigumu kuamini kwamba Grant Mitchell hakumfungulia mlango hata mmoja. Mtazamaji alikuwa amekwisha kumwona akiwa askari, na mtu ambaye hajawahi kuwepo akamdhamini mtu aliyepo.

Kenya inatuonyesha njia ileile ikipitwa kwa upande wa pili. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla walianza kusoma pamoja taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye Citizen TV mwaka 2018, na kampuni yao ya Jiffy Pictures ndiyo iliyotengeneza *Maria*, *Zora* na *Sultana*, tamthilia zilizoshika jioni za Wakenya na za Watanzania wengi wa mpakani na mtandaoni. Wao hawakutoka kwenye mchezo kwenda kwenye habari. Wanasimama kote kuwili. Familia ileile kwenye kochi lilelile inawapokea kwa mavazi mawili. Sioni kosa ndani yake, kwa sababu mavazi hayo yanatofautishwa waziwazi, na hakuna anayeambiwa kwamba Sultana ni taarifa ya habari. Lakini inaonyesha jinsi imani inavyosafiri. Haina pasipoti, haiulizwi mpakani. Ukiipata kwenye hadithi unaweza kuitumia kwenye habari, na mtazamaji hatambui imebadilishwa kwa sarafu gani.

Hapo watu wengi hukimbilia sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake zikataka mwandishi awe na angalau stashahada. Nawaelewa waliotaka hivyo, na sina dharau kwa darasa, ninaishi humo. Anayehama kutoka kwenye tamthilia anapaswa kujifunza sheria ya kashfa, jinsi ya kulinda chanzo, jinsi ya kusoma bajeti ya halmashauri. Lakini cheti kinapima kama mtu anajua kazi. Hakipimi kama anaiazima imani yetu na kuirudisha. Kanjanja mwenye stashahada yupo, na bahasha haiulizi kiwango cha elimu. Ukiitazama vizuri, bahasha ndiyo maigizo yenyewe: mtu amelipwa aseme maneno ya mwingine kama yake, bila jukwaa, bila muziki wa mwisho, bila mtazamaji kuambiwa. Mwigizaji alipolipwa kufanya hivyo, jina lake na la mtunzi yalipita kwenye kioo mwishoni.

Basi tofauti iko wapi, kama haiko kwenye chozi, wala kwenye cheti, wala kwenye historia ya mtu?

Nadhani iko kwenye maneno mawili aliyoahidiwa mama wa mwani: njoo useme. Hakuna mtu duniani anayeweza kwenda studio kumsahihisha Mkwaju. Huwezi kusema Tunu hakuyasema yale, kwa sababu Tunu ni kile alichosema na hakuna zaidi. Mwigizaji anaweza kucheza vibaya, lakini hawezi kukosea habari za mhusika wake. Mwandishi wa habari anaishi upande wa pili kabisa. Kila sentensi yake ina mwenyewe, mtu anayepumua, mwenye simu, mwenye watoto wanaosikiliza redio. Anaweza kuja mlangoni na kusema sivyo. Na akija, ama atafunguliwa au atafungiwa.

Kuhama kutoka kwenye tamthilia kwenda kwenye habari, kwa hiyo, si kuhama kutoka kwenye uongo kwenda kwenye kweli. Ni kuhama kutoka kwenye kazi ambayo huwezi kusahihishwa na unayemsema, kwenda kwenye kazi ambayo yeye ndiye hakimu wako wa kwanza. Ni unyenyekevu mgumu kwa mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Zamani alisahihishwa na mwongozaji. Sasa anasahihishwa na mvuvi. Ndiyo maana deni la imani ya kuazima linaweza kulipwa, na malipo yake hayahitaji kukana yaliyopita wala kuficha kwamba aliwahi kuwa mke mchonganishi wa saa tatu usiku. Analipa kila anapouacha mlango wazi kwa aliyemsema.

Tuna methali inayopendwa sana kwenye vijiwe: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali nzuri ya kuonya, lakini ni sera mbaya ya chumba cha habari. Lisemwalo linaweza kuwa halipo na lisije kamwe, na likamharibia mtu shamba, ndoa au jina. Anayelisema hewani anapaswa kuwa tayari kulishusha mbele ya mwenyewe, kama wale waliofika Bagamoyo mwaka 1874 walivyoushusha mzigo wao: huu hapa, upimeni.

Mtaa utaendelea kumwita msanii, na wenye vyeti watamwita kanjanja. Majina hayo mawili ayaache kwa wenyewe. La kumsumbua ni moja tu, kama mama wa Mlingotini akiisikia sauti yake redioni atayatambua maneno yake.